Diski Iliyokufa Chini ya Kitambaa cha Kavira

Wanangu, kabla hujafungua mashine yoyote, iwekee mkono. Usikimbilie kibodi. Weka kiganja juu yake, uone kama ina joto, uone kama inatetemeka, na inatetemeka namna gani. Mashine nyingi hueleza ugonjwa wake kabla hujabonyeza chochote. Ndivyo nilivyogundua, asubuhi moja ya kiangazi, kwamba seva ya redio yetu ndogo ya mtaa wa Ngezi ilikuwa inaungua ndani ya nguo nzuri.

Nguo yenyewe ilikuwa kitambaa cha krosheti, cheupe chenye pindo la kijani, kazi ya mikono ya Kavira, dada wa mapokezi. Hapa kwetu Bunia, mashariki mwa Kongo, kitu cha thamani hakiachwi uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, na friji iliyokufa zamani huvaa vizuri kuliko ile inayofanya kazi. Vumbi jekundu la barabara linaingia hata ndani ya chumvi. Basi Kavira aliiona seva inavyokaa pale pembeni, sanduku la chuma la kijivu linalovuma peke yake kutwa kucha, akalihurumia, akalivisha. Kitambaa kilifunika matundu ya hewa juu, kikashuka mbele mpaka kwenye taa.

Nilipopitisha mkono pale nikautoa haraka. Nikakifunua. Kulikuwa na diski mbili, moja juu, moja chini, kila moja ndani ya droo yake. Ya juu ilikuwa na taa ya kijani. Ya chini ilikuwa na taa ya rangi ya chungwa, nayo haikutetemeka hata kidogo.

"Kavira, hii taa ya orange inawaka tangu lini?"

"Taa gani, Mama?"

"Hii."

"Ile siyionaka. Iko chini ya kitambaa."

"Na kitambaa iko pale tangu lini?"

Akafikiri vizuri, kwa sababu ni mtu mkweli. "Tangu Noeli. Lakini Noeli ya mwaka gani, apo sijue."

Msimcheke. Sisi sote tulipita pale na chai mkononi, tukakisifu kitambaa. Mimi mwenyewe nilimwomba anifumie kimoja.

Nieleze kidogo nilivyofika kwenye mashine. Nimezaliwa upande wa Mahagi, kando ya ziwa. Shule niliiacha mapema, kabla mwalimu hajafika kwenye sehemu ngumu ya hesabu, kwa sababu nyayo zilikuwa zinaniwasha na kila lori lililopita nilitaka kujua linakokwenda. Niliuza samaki, nikafuata malori, nikajikuta Mambasa nikiwapikia wakata mbao. Kambini kulikuwa na gurupe, ndivyo tunavyoita jenereta, na fundi wake alipenda pombe ya mahindi kuliko alivyopenda asubuhi. Kambini mpishi ndiye huamka kabla ya wote. Basi siku fundi alipolala, mpishi aliwasha. Hapo ndipo nilipopewa jina la Mama Gurupe, na limenifuata mpaka leo, nikiwa nimestaafu, nimekaa mtaa wa Bigo, napanda mboga na kufungua simu za majirani ambao hawakuniomba.

Fundi yule, siku alizokuwa mzima, alinifundisha kitu kimoja ambacho kimenilisha maisha yangu yote. Chukua bisibisi ndefu. Ncha yake iweke kwenye chuma cha mashine, mpini uweke kwenye mfupa wa nyuma ya sikio lako. Utasikia ndani kama umeingia. Beringi nzima huvuma kama nyuki waliotulia. Beringi inayozeeka hupiga mluzi. Iliyokwisha husaga kama mtu anayetafuna karanga zenye mchanga. Tangu siku ile nimesikiliza magari, vinu vya unga, pampu za maji, hata mlango wa kanisa. Nilitaka tu kujua.

Mambo ya Unix, mfumo unaoendesha seva kama ile, nilifundishwa pale redioni na Papa Kambale, mtu wa Butembo, mwalimu wa elektroniki aliyehamia hapa na familia yake. Seva ile aliiunga yeye, wakati ambapo tayari wenye pesa walikuwa wanatupa mashine za aina yake. Alinifundisha kama anavyofundishwa mtu kupika: fanya, onja, uliza. Swali langu la kwanza lilikuwa: mashine ikizimwa, sauti inakwenda wapi? Hakucheka. Alileta diski mbovu, akafungua skrubu zake moja moja, akanionyesha zile sahani zinazong'aa kama sufuria mpya. "Iko apa," akasema. "Inalala." Nilizitazama sahani zile mpaka chai ikapoa. Sikuona kitu, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi.

Diski mbili za seva ile zilikuwa pacha. Kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa pia kwenye nyingine, wakati uleule. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, na wasikilizaji hawajui kama kuna msiba. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni huohuo: pacha aliyebaki hapigi yowe. Anabeba mzigo wa wawili kimya, mpaka naye achoke.

Na mzigo ule ulikuwa na mwenyewe. Ndani ya diski zile kulikuwa na vipindi vingi, matangazo, nyimbo za kwaya, lakini kitu ambacho hakikuwa mahali pengine popote kilikuwa sauti ya Tate Ayerango. Tate, yaani bibi. Alikuwa msimuliaji wetu wa hadithi za ziwani, miaka na miaka, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kisha ugonjwa wa koo ukamshika. Akapasuliwa, akapona, akaanza tena kula ugali, lakini sauti haikurudi. Ulibaki mnong'ono kama wa mtu aliye nyuma ya pazia. Kila Jumamosi alikuja redioni kwa miguu, akakaa kwenye kiti cha Kavira, akajisikiliza mwenyewe akisimulia. Wajukuu zake wadogo waliijua sauti ile kwa njia ya redio tu. Mmoja alikataa kabisa kwamba mama yule wa redio ndiye bibi yake.

Mtaniuliza: kwa nini hamkuwa na nakala? Swali zuri, liulizeni kila mahali mtakapokwenda. Mashine ilikuwa na tundu la mtandao, radi ya masika ikalichoma. Ilikuwa na kanda za akiba, kifaa cha kuzisoma kikafa. Flashi haikuzijua kabisa, ilizaliwa kabla yazo. Njia iliyobaki ilikuwa kuicheza hadithi kwa sauti na kuirekodi kwa mashine nyingine, moja moja, kwa urefu wake wote. Papa Kambale alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Lakini Tate alikuwa amesimulia kwa miaka, na miaka ya mtu hainakiliwi kwa mchana mmoja.

Kwa hiyo tulihitaji pacha mpya. Papa Kambale alipata mashine iliyokufa ya aina ileile kwa mfanyabiashara mmoja wa kwao Butembo, na diski yake ikaja na lori, katikati ya gunia la vitunguu ili isitikisike. Ilifika ikinuka mchuzi. Hapo nanyi shikeni jambo: diski mbili zinaweza kuandikwa ukubwa uleule juu ya kibandiko, lakini moja ikapungua kidogo, unene wa ukucha tu, na mashine itaikataa. Mpya ilingane na ya zamani au iizidi. Ikipungua, ni kama kumimina ndoo kwenye sufuria.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Hatukuipanga hivyo, lakini Tate alikuja kama kawaida yake, akakuta chumba kimejaa vyombo, akakaa. Kavira alikaa karibu naye, kwa sababu ndiye aliyezoea kuusikia mnong'ono wake na kutufikishia maneno.

Papa Kambale akaweka kidole kwenye kitufe. "Siye tunazimaka kwanza," akasema.

Hiyo ndiyo sheria ya Bunia, na si ya kipumbavu. Umeme wetu huja unapotaka na kuondoka bila kuaga. Watu wengi wameunguza vyombo kwa kuchomeka kitu wakati umeme unarudi. Kila fundi hapa, wa redio, wa friji, wa simu, huanza kwa kuzima. Mimi pia nimewafundisha watu kuzima kwanza. Lakini nilikuwa na bisibisi mkononi, na mkono wangu haujui kukaa bure. Niliiweka ncha kwenye droo ya juu, mpini nyuma ya sikio.

"Papa, ngoja. Kuya usikie."

Akainama, akasikiliza. Akainuka polepole. "Inapiga mluzi."

"Tukiizima itapoa. Ikipoa, italamuka?"

"Sijue."

"Kule Mambasa kulikuwa gurupe ya zamani. Kama iko moto, inatembea. Ukiizima, unapiga magoti."

"Hii aiko gurupe, Mama."

"Chuma iko chuma."

Akakaa kwenye kiti. Papa Kambale si mtu wa kubishana ili ashinde. Akifikiri, anafikiri kweli. Baadaye akasema, "Na kuna kitu ingine. Kura."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo, nikavuta kiti. Alinieleza kwamba mashine ile huandika vijikumbusho vyake kwenye kila diski, vinavyosema nani ni pacha wa nani. Ikiwaka, kabla ya kufanya lolote, inavihesabu. Inataka vilivyo vizima vizidi nusu. Diski moja ikiwa imekufa, vilivyobaki ni nusu kamili, na nusu haitoshi. Itasimama mlangoni na kukataa kuingia mpaka mtu aje aisuluhishe. "Kama tungeizima," akasema, "tungebomoa baraza na mikono yetu." Nilifurahi sana kujua hivyo. Fikirini, sanduku la chuma lina mkutano ndani yake!

Tate Ayerango akamvuta Kavira nguo, akanong'ona.

"Tate anauliza," Kavira akasema kwa sauti, "kama munabishana juu ya kumupasua tena ao kumuzika kabisa."

"Mwambie bado tunatafuta kisu," nikajibu.

Tate akacheka. Kicheko chake kilikuwa pumzi tu, mabega ndiyo yaliyocheka. Kisha akaacha kucheka, akaiangalia ile mashine kwa muda mrefu, mikono imekaa mapajani. Sote tulijua anaangalia nini.

"Hizi droo," Papa Kambale akasema mwishoni, "walizitengeneza zivutwe mashine ikiwa inatembea. Walifikiri siku kama hii. Ni miye naogopa, mashine haina neno." Akaondoa kidole kwenye kitufe. Tukakubaliana: hatuzimi.

Sasa, ipi ndiyo mfu? Mnadhani ni rahisi, taa si inaonyesha. Lakini juu ya droo kulikuwa na vibandiko vya mkono: ya juu "1", ya chini "2". Na kwenye skrini mashine ililalamika kuhusu diski namba 1. Mtu mwenye haraka angevuta droo ya juu, yenye kibandiko cha 1, na kung'oa moyo wa mgonjwa. Mashine zile huanza kuhesabu na sifuri. Moja yake ni mbili yetu. Usiamini kibandiko, usiamini taa peke yake. Papa Kambale aliiamuru mashine isome diski iliyo hai moja kwa moja, na yote inayoyasoma iyatupe shimoni, yasiandikwe popote. Taa ya kijani ya juu ikaanza kupepesa kama kope. Ya chini ikanyamaza. Ndipo tulipojua tuko wapi.

Kisha akaiambia mashine iwasahau wafu: iachanishe pacha, ifute vijikumbusho vya diski ile, iache kuitafuta. Hili msiliruke. Ukivuta droo wakati mashine bado inaisubiri, itashika kichwa na kusimama kama mtu aliyeitwa na asiyejua ni nani kamwita. Alipomaliza alinitikisia kichwa. Nikafungua kishikizo, nikavuta kidogo, nikangoja, nikaitoa yote. Hakuna kilichobadilika. Mluzi wa juu ukaendelea. Nikasukuma mpya mpaka ikalia *tek*, na chumba kikanuka vitunguu.

Hapa ndipo watu huua. Diski mpya ni nyumba isiyo na vyumba. Lazima uikate kama ile ya zamani ilivyokatwa, na unachukua ramani kutoka kwa nzima kuipeleka kwa tupu. Ni mstari mmoja wa amri wenye majina mawili yanayofanana kama mapacha wenyewe. Papa Kambale alimjua fundi mmoja wa mji mwingine aliyeyageuza majina. Kazi yake ilifanikiwa kabisa: mwisho alikuwa na diski mbili zinazofanana sawasawa, zote tupu.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Mmoja anasoma amri kwa sauti, neno kwa neno, mwingine anaonyesha kwa kidole droo inayotajwa na kuitikia. Hakuna anayebonyeza mpaka aitikiwe.

"Kutoka sifuri," Papa Kambale akasoma.

"Ya juu. Nzima," nikaitikia, kidole juu ya droo.

"Utuombee," akasema Kavira, kama kwenye litania ya kanisani.

"Kwenda moja."

"Ya chini. Tupu."

"Utuombee."

"Kavira," Papa Kambale akasema bila kugeuka, "weye unatuchanganya."

"Samahani, Papa. Mudomo unaenda yenyewe."

Akasoma upya tangu mwanzo, na Kavira akajifunika mdomo kwa kiganja. Akabonyeza. Vyumba vikakatwa. Tukavirudisha vijikumbusho, tukaifundisha diski mpya kuamsha mashine peke yake ikihitajika, jambo ambalo wengi husahau mpaka siku ya shida. Kisha akawaunga pacha upya, na mashine ikaanza kunakili, yote, kutoka juu kwenda chini.

Hapo huna la kufanya. Kwenye skrini asilimia hupanda polepole, na diski ya zamani inasoma kila pembe yake, hata zile ambazo haijazigusa kwa miaka. Nilisikiliza kwa bisibisi. Mluzi ulikuwa umepanda. Tate aliniona uso, akanyoosha mkono. Nikampa bisibisi, nikamwonyesha mfupa wa kuwekea. Akafumba macho. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza hadithi zake, midomo ikicheza kidogo.

Akanong'ona. Kavira akasita kabla ya kusema. "Tate anasema huyu iko na sauti mubaya kuliko yake."

"Mwambie ndiye anayembeba," Papa Kambale akasema.

Tate alishaelewa. Hakunirudishia bisibisi. Alikaa nayo hivyo, akiinua kidole kila mluzi ulipobadilika, na sisi tukaangalia kidole chake kama watu wa gati wanavyoangalia bendera. Mara moja kidole kilisimama juu, hakikushuka. Asilimia nazo zikasimama. Mashine ilikuwa imekutana na mahali pagumu, ikarudia kusoma, ikarudia. Nikajiuliza sahani ile inafanya nini mle ndani, sindano yake inatafuta wapi, na ni hadithi gani iliyolala mahali pale. Kidole kikashuka. Namba zikaendelea.

Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili wakati mashine ilipoandika kwamba pacha wote ni wazima. Papa Kambale hakusherehekea. "Bado tunaonja," akasema. Akaiachanisha diski ya zamani kwa muda, ili mpya iongee peke yake. Hilo nalo lishikeni: pacha ambaye hajawahi kuachwa peke yake, hujui kama anajua kutembea.

"Tate, chagua hadithi," akasema.

Akachagua hadithi ya msichana wa ziwani aliyeolewa na kiboko. Ilianza. Ile sauti ya mtungi ikajaa chumba, na mpita njia mmoja akasimama kwenye kizingiti kusikiliza. Haikukatika, haikukwaruza. Tate alikaa wima, anayafuata maneno kwa midomo, hatua kwa hatua: mahari ya samaki, nyumba chini ya maji, mama mkwe mwenye masikio madogo. Mwishoni msichana anatubu, anatoka majini, anarudi kwa baba yake. Mimi nilikuwa tayari naiweka bisibisi mfukoni.

Tate akatikisa kichwa. Akamvuta Kavira, akanong'ona kwa muda.

"Anasema yule mama anadanganya."

"Mama gani?"

"Ule wa mu redio. Yeye mwenyewe."

Papa Kambale akashtuka, akarudi kwenye skrini. "Kuna kipande imepotea?"

"Apana. Anasema hakuna kitu imepotea. Iko vile alisema siku ile. Lakini aiko ya kweli."

Nikasogeza kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nimsikie mwenyewe. "Juu ya nini ulibadilisha, Tate?"

"Siku ile Padri alikuya kuona studio," akanong'ona. "Alikaa pale, na kanzu yake nyeupe. Ningesema mbele yake kama binti alikatala kurudi? Kama alibakia mu maji na bwana yake?"

"Na alibakia?"

"Alibakia." Akanitazama kama anayeuliza kwa nini nimechelewa. "Na kuko mambo mingi alifanya kule."

"Mambo gani?"

Hakunijibu mimi. Alionyesha kipaza sauti.

Papa Kambale akakuna kichwa. Alikuwa amesharudisha pacha wote wawili kazini, nao walikuwa bado na nafasi tele. "Tate, tutaandika, hakuna tatizo. Lakini na huo mnong'ono, mu redio watu hawatakusikia."

Tate Ayerango akavuta kipaza sauti mpaka kikagusa mdomo wake.

"Basi watu banyamaze," akasema.

Kavira akaenda kufunga madirisha.